Mabao Yaliyoonwa kwa Masikio: Kumbukumbu za Mashabiki wa Simba na Yanga

Historia ya kandanda ya Tanzania Bara, tangu uhuru hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, imehifadhiwa kwa sehemu kubwa vichwani mwa mashabiki ambao sasa ni wazee, kwa kuwa katika kipindi hicho chote hapakuwa na kituo cha televisheni upande wa Bara, na mchezo ambao leo ungerudiwa kuoneshwa usiku uleule na kesho yake, enzi hizo ulikwisha pale mwamuzi alipopuliza kipenga cha mwisho. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo jijini Dar es Salaam. Kwa hiyo anayetaka kujua namna Simba ilivyoifunga Yanga mabao 6–0 tarehe 19 Julai 1977, au namna Yanga ilivyoifunga Sunderland mabao 5–0 tarehe 1 Juni 1968, atapata matokeo na majina ya wafungaji katika magazeti ya zamani, lakini mchezo wenyewe, yaani mwendo wa mpira, kelele za jukwaani na hali ya mtaa jioni ile, atalazimika kuutafuta kwa watu. Mazungumzo haya yanahusu kumbukumbu za watu hao: zinavyojengwa, zinachokishika vizuri, zinachokiacha kidondoke, na heshima zinayostahili kupewa na kila anayejali historia ya nchi.

Timu zenyewe hazihitaji kutambulishwa kwa kirefu. Yanga, ambayo jina lake kamili ni Young Africans, ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka mmoja baadaye. Simba ilijulikana kwa jina la Sunderland hadi mwaka 1971, majina ya kigeni yalipokuwa yakiachwa, na ndiyo sababu mzee anayesimulia mechi za miaka ya 1960 husema Sunderland, akamshangaza kijana anayedhani kwamba inazungumzwa timu ya Uingereza. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi na ya Yanga yako Jangwani, umbali ambao mtu anautembea kwa miguu bila kuchoka, na ukaribu huo ndio uliozaa uhusiano unaoitwa utani wa jadi, yaani ushindani wa watu waliokua pamoja, wanaozikana na kuozeshana, huku kila mmoja akiwa na ruhusa ya kumcheka mwenzake anapofungwa. Katika nyumba nyingi za Kariakoo, Ilala na Magomeni kaka alikuwa Simba na mdogo wake Yanga, na hali hiyo ina maana kubwa kwa suala la kumbukumbu, kwa sababu mchezo mmoja ulihifadhiwa ndani ya nyumba moja na mashahidi wawili wenye nia zinazopingana.

Jambo la msingi ambalo mara nyingi hupuuzwa ni kwamba wengi wa wanaosema leo kwamba waliiona Simba ya akina Abdallah Kibadeni au Yanga ya akina Maulid Dilunga, waliiona kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam. Uwanja wa Taifa, ule ambao sasa unaitwa Uwanja wa Uhuru na ambao watu wa jijini waliupa jina la Shamba la Bibi, ulichukua sehemu ndogo sana ya mashabiki wa timu hizo, kwani mashabiki wenyewe walitapakaa Kigoma, Songea, Musoma, Lindi na kila mahali ambapo masafa ya redio yalifika. Shabiki wa Sumbawanga angeweza kuipenda Yanga kwa miaka 20 bila kukanyaga Dar es Salaam hata mara moja, akawajua wachezaji wake kwa sifa na majina ya utani, akajua nani ana mguu wa kushoto na nani hupiga vichwa, na yote hayo akayapata kwa njia ya sauti. Mtu huyo anaposimulia bao, hudanganyi ukisema kwamba aliliona, maana picha aliyonayo kichwani ni kamili, ina rangi ya jezi na vumbi la eneo la hatari, ingawa macho yake siku hiyo yalikuwa yakitazama kisanduku cha mbao kilichowekwa juu ya meza.

Namna usikilizaji huo ulivyofanyika inafaa ielezwe kwa utaratibu, kwa sababu ndiyo iliyotoa umbo la kumbukumbu zenyewe. Redio ilikuwa mali ya mtu mmoja na masikio yalikuwa ya mtaa mzima. Betri zilizokuwa zimechoka zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kufikisha dakika 90, waya wa antena ukaunganishwa na kupandishwa juu ya paa au mti, na saa kumi jioni ilipokaribia wanaume walikaa kwenye mkeka na vigogo, vijana wakasimama nyuma yao, na mwenye redio akashika kitufe cha sauti kwa mamlaka ambayo siku nyingine hakuwa nayo. Sauti ilipokwaruza na kupotea, watu walinyamaza hadi irudi, na iliporudi swali la kwanza lilikuwa ni lilelile, mpira uko wapi. Katika muda huo wa sauti kupotea, kila msikilizaji aliendelea kuuchezesha mpira kichwani mwake, na huenda baadhi ya chenga zinazosimuliwa hadi leo zilipigwa katika dakika hizo tu.

Mtangazaji wa mpira redioni alikuwa na kazi ambayo mtangazaji wa televisheni haijui. Alipaswa kumtaja mwenye mpira, kusema yuko upande gani wa uwanja, anaelekea goli lipi, nani anamkabili na nani amejipenyeza, na kufanya hivyo kwa kasi ya mpira wenyewe, huku sauti yake ikipanda kadiri mpira unavyokaribia goli, ili msikilizaji ajue hatari kabla ya kuambiwa. Watangazaji wa Redio Tanzania walifikisha kazi hii kwenye daraja la sanaa. Majina ya Ahmed Jongo na Charles Hilary, huyo wa pili akiwa amefariki dunia mwaka 2025 baada ya kuutumikia utangazaji wa Kiswahili ndani na nje ya nchi, hutajwa na mashabiki wa zamani kwa upendo uleule wanaowataja nao washambuliaji. Kwa jirani, Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya alikuwa na nafasi ya namna hiyo mioyoni mwa wapenzi wa klabu za Gor Mahia na AFC Leopards. Ni sahihi kusema kwamba mabao mengi ya enzi hizo yalifungwa na watu wawili, mchezaji aliyepiga mpira na mtangazaji aliyeufikisha, na mzee anayeiga sauti ya mtangazaji anaposimulia bao anatoa ushahidi wa kweli kuhusu mahali alipolipatia bao hilo.

Mwanazuoni wa Ufaransa, Maurice Halbwachs, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1925 kwamba mtu hakumbuki akiwa peke yake, bali kumbukumbu zake hushikiliwa na kundi alimo, familia, dini au tabaka, na kundi likitawanyika kumbukumbu nazo hufifia. Wazo hilo huitwa kumbukumbu ya pamoja. Kwa mashabiki wa Simba na Yanga, kundi hilo lilikuwa kijiwe, yaani mahali pa kudumu pa watu kukutana na kuzungumza, mara nyingi penye muuza kahawa, ubao wa bao na benchi moja au mawili. Mechi ilichezwa mara moja uwanjani na mara mia kijiweni, na katika marudio hayo ilinolewa: sehemu zisizo na ladha zikatupwa, majibizano ya watani yakaongezwa, na sentensi zilizochekesha zikabaki kama zilivyo kwa miaka 40. Kusema hivi si kuwashusha wasimulizi. Historia zote za masimulizi, kuanzia tenzi hadi nasaba za koo, zimepita katika mikono mingi kwa namna hiyo, na msomi makini huuliza ni nani alikuwa akisimuliwa, wakati gani, na mbele ya mpinzani gani, kabla ya kuamua nini akipokee.

Katika suala la tarehe, kumbukumbu za mashabiki zina kalenda yake. Ni nadra mzee kutaja mwaka kwa namba. Atasema mwaka wa kuzaliwa chama cha CCM, akimaanisha 1977, au mwaka wa Vita vya Kagera, au wakati wa msako wa wahujumu uchumi, ambao ni mwaka 1983, au mwaka aliofariki Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambao ni 1984. Kalenda hiyo hukosea kwa mwaka mmoja au miwili, lakini ina faida ambayo orodha za matokeo hazina, kwa kuwa inaurudisha mchezo katika maisha ya nchi. Anayekumbuka kwamba alisikiliza mechi fulani akiwa amekaa kwenye foleni ya sukari, anaihifadhi mechi na uhaba kwa pamoja, na mwanahistoria wa uchumi angefaidika kumsikiliza sawasawa na mwanahistoria wa michezo.

Mchezo wa mabao sita unaonesha vizuri jinsi pande mbili zinavyoigawana kweli moja. Kibadeni, ambaye mashabiki walimpa cheo cha mfalme, alifunga matatu, Jumanne Hassan Masimenti akafunga mawili, na moja beki wa Yanga alijifunga mwenyewe. Shabiki wa Simba hukumbuka sana matatu ya Kibadeni, hata mawili ya Masimenti, ambayo siku nyingine yoyote yangemfanya shujaa wa mwaka, yakabaki kivulini. Hapa kumbukumbu imemdhulumu mtu aliyefanya kazi kubwa. Shabiki wa Yanga, kwa upande wake, huanza masimulizi yake mwaka mmoja au miwili kabla ya mechi, kwa kueleza mpasuko ulioikumba klabu yake, uliowagawa wanachama katika kambi mbili zilizopewa majina ya viatu: Kandambili, waliokuwa wazee na wafuasi wao, na Raizoni, waliokuwa vijana wenye kuvaa viatu vya visigino virefu vilivyokuwa mtindo wa wakati ule. Kambi ya Raizoni ilijitenga, ikaanzishwa Pan African mwaka 1976, na wachezaji hodari wakaondoka nayo. Kwa hiyo mwana Yanga husema kwamba timu iliyofungwa sita ilikuwa nusu ya timu, na kauli hiyo, ijapokuwa inatokana na maumivu, ina ukweli ambao mwana Simba hana sababu ya kuukumbuka. Asiyesikiliza pande zote mbili atabaki na idadi ya mabao bila sababu zake.

Ushindi wa Yanga wa mwaka 1968, wa mabao mawili ya Dilunga, mawili ya Salehe Zimbwe na moja la Kitwana Manara, uliishi miaka tisa tu kabla ya kulipwa, na ndiyo maana katika vijiwe vya Yanga husimuliwa kwa ufupi zaidi. Kinachosimuliwa kwa kirefu huko ni mchezo wa tarehe 10 Agosti 1974 katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, ambako timu hizo zilipelekwa kuamua ubingwa wa Taifa mbali na Dar es Salaam. Adam Sabu aliifungia Simba mapema, na bao hilo likadumu hadi dakika za mwishoni, Gibson Sembuli alipolisawazisha, kisha Sunday Manara akafunga la pili katika muda wa nyongeza. Manara, aliyeitwa Kompyuta kwa akili yake ya mchezo, na ambaye baadaye alikwenda kucheza Uholanzi katika klabu ya Heracles, alikuwa mdogo wake Kitwana, na wapo mashabiki wanaoipenda Yanga kwa sababu tu ya familia hiyo. Kilichoutukuza zaidi mchezo wa Nyamagana ni safari. Treni ya Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ilichukua zaidi ya siku nzima, na shabiki aliyeisafiri njia hiyo alirudi na haki ya kusimulia ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Walioshinda walirudi wakiimba stesheni kwa stesheni, na walioshindwa walikuwa na njia ileile ya kurudia, wakiwa pamoja na washindi.

Mwaka huohuo wa 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla El Kubra ya Misri kwa mikwaju ya penalti, baada ya kila timu kushinda nyumbani. Hata hivyo, mchezo wa kimataifa unaopendwa zaidi vijiweni ni wa miaka mitano baadaye. Mwaka 1979 Simba ilifungwa mabao 4–0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, tena Dar es Salaam, mbele ya watu wake, na hesabu za kawaida zilionesha kwamba mchezo wa marudiano haukuwa na maana. Simba ilikwenda Zambia ikashinda 5–0, Thuwein Ally akifunga matatu, ikasonga mbele kwa tofauti ya bao moja. Ni rahisi kuelewa kwa nini tukio hili lilipenya nafsini kuliko mengine: aliyekata tamaa na kuizima redio yake aliukosa mchezo mkubwa kuliko yote katika maisha yake, na hapakuwa na namna ya kuupata tena, wala marudio usiku, wala picha kesho yake isipokuwa maneno ya aliyevumilia kusikiliza. Masimulizi ya Mufulira kwa hiyo yamebeba ndani yake sifa ya uvumilivu, na mzee anayeyatoa hueleza pia tabia yake. Kile ambacho masimulizi hayo hukiacha ni mwisho wake, kwamba Simba ilitolewa katika raundi iliyofuata na Racca Rovers ya Nigeria. Kumbukumbu huchagua mahali pa kukomea, na kwa kawaida hukomea kwenye furaha.

Mara moja tu ilikomea penye maumivu, na maumivu hayo yalidumu kwa zaidi ya miaka 30. Mwishoni mwa mwaka 1993 Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Adjamé, kutoka Abidjan. Ilitoka sare ya 0–0 ugenini, ikarudi Dar es Salaam ikiwa imeshika kombe kwa mkono mmoja, ikafungwa 2–0 katika Uwanja wa Taifa. Jina la Boli Zozo, mfungaji wa mabao hayo, linajulikana na Watanzania ambao hawawezi kulitaja jina lingine lolote la mchezaji wa Ivory Coast wa wakati ule. Mwezi Mei 2025, Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kupoteza kwa RS Berkane ya Morocco, kwa kufungwa 2–0 ugenini na kutoka sare ya 1–1 Zanzibar, wazee waliokuwa uwanjani mwaka 1993 walijikuta wakiulizwa na wajukuu zao habari za fainali ile ya kwanza, na walikuwa tayari kuzieleza dakika kwa dakika.

Kauli inayosikika zaidi katika masimulizi haya yote ni kwamba zamani watu walicheza kwa mapenzi ya jezi. Kauli hiyo inastahili kuchunguzwa bila dharau. Ni kweli kwamba mpira wa Tanzania ulikuwa wa ridhaa, maana yake mchezaji hakulipwa mshahara kwa kucheza, akategemea ajira katika shirika la umma au shughuli nyingine, na kwamba shabiki alimkuta sokoni, kwenye basi la UDA, au barazani kwa jirani, akamsalimu na kumlaumu ana kwa ana. Ukaribu huo ulikuwa halisi na umepotea. Lakini ridhaa hiyohiyo iliwaacha wachezaji wengi bila akiba, wakiwa na magoti mabovu na bila bima, na baadhi ya wale wanaotajwa kwa shangwe vijiweni walimaliza maisha katika dhiki ambayo wanaowasifu hawakuifahamu au hawakupenda kuizungumza. Mapenzi ya jezi yalikuwepo. Gharama yake ililipwa na aliyeivaa. Shabiki anayekumbuka kwa haki atayataja yote mawili.

Upotevu mkubwa zaidi, hata hivyo, uko mikoani, na hapa suala la kumbukumbu linakuwa la dharura. Hadi mwaka 1974 ubingwa wa Taifa ulikuwa haujatoka Dar es Salaam. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro iliutwaa, na Tukuyu Stars, timu ya wilaya ya Rungwe, iliutwaa mwaka 1986, kisha Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Zilikuwepo pia Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro iliyoitwa Kiboko ya Vigogo kwa tabia yake ya kuzisumbua Simba na Yanga, Maji Maji ya Songea, Ushirika ya Moshi na nyingine nyingi ambazo ziliegemea mashirika ya umma, vyama vya ushirika na mamlaka za mazao. Mashirika hayo yalipodhoofika, na baadaye kubinafsishwa katika miaka ya 1990, timu zilikosa basi, posho na kambi, zikashuka daraja, na baadhi zikatoweka kabisa. Coastal Union ingalipo, na Pamba ilirejea Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya miaka mingi, lakini Mseto na Tukuyu Stars iliyotwaa ubingwa ule zimebaki katika vichwa vya watu wachache tu. Shabiki wa Simba akifariki, wapo mamilioni wa kuurithi usimulizi wake. Shabiki wa Mseto akifariki, huenda ameondoka na mchezo mzima ambao hakuna mwingine anayeukumbuka. Kumbukumbu za klabu zilizokufa ndizo zinazohitaji kuandikwa kwanza.

Kenya inatoa mfano wa jinsi kumbukumbu inavyoweza kuwa mzigo kwa walio hai. Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987 kwa kutoka sare na Espérance ya Tunis, 2–2 ugenini na 1–1 katika uwanja mpya wa Kasarani, ikafaidika na kanuni ya wakati ule iliyolipa bao la ugenini uzito zaidi matokeo yanapolingana. Hakuna klabu ya Kenya iliyorudia mafanikio hayo, na kila kizazi cha wachezaji wa Gor Mahia kimecheza mbele ya majukwaa yanayokipima kwa mashujaa wa mwaka huo, akina Peter Dawo. Yanga na Simba zimekuwa na bahati zaidi katika hilo, kwa kuwa miaka ya karibuni zimefika mbali Afrika, Yanga ikicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 dhidi ya USM Alger, na kwa hiyo vijana wao wana mambo yao ya kusimulia.

Vijana hao watakumbuka kwa namna nyingine. Mabao 5–0 ya Simba ya tarehe 6 Mei 2012 na 5–1 ya Yanga ya tarehe 5 Novemba 2023 yamo katika simu za watu, na mtani akijaribu kuongeza chenga ataoneshwa picha. Ubishi umepungua, na uhakika umeongezeka, jambo ambalo ni jema kwa historia. Hata hivyo, picha ya runinga hufuata mpira. Haimwoneshi mwenye redio akiwa ameshika kitufe, wala mama aliyesikiliza akiwa jikoni. Huyo wa mwisho anastahili neno lake. Masimulizi ya vijiweni ni ya wanaume karibu yote, kwa sababu kijiwe kilikuwa cha wanaume, lakini redio ilisikika nyumba nzima, na wanawake waliokuwa wakipika, kusuka au kuuza vitumbua barazani waliyasikia mabao yaleyale, wakayajua majina yaleyale, na wengi walikuwa wanachama imara wa klabu hizi. Kumbukumbu zao hazijaulizwa, na huenda ndizo safi zaidi, kwa kuwa hazikupitishwa kwenye ubishi wa kila jioni.

Kazi iliyopo ni ya kufanywa sasa. Kibadeni alifunga matatu yale mwaka 1977, na aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku hiyo amekwisha kupita 65. Klabu za Simba na Yanga, ambazo leo zina vitengo vya habari, kamera na wafanyakazi, zinapaswa kuwarekodi wanachama wao wazee kwa mpangilio, kila mmoja kwa saa nzima, akiulizwa alisikiliza wapi, na nani, na redio ilikuwa ya nani. Shirikisho la Mpira wa Miguu na vyuo vikuu vianze na mikoa ambayo klabu zake zimekufa, Morogoro na Rungwe zikiwa mbele. Na msikilizaji aliye na baba, mama, babu au jirani aliyeishi miaka hiyo hana haja ya kusubiri taasisi yoyote: simu aliyonayo mkononi inarekodi sauti, na mzee huyo akiulizwa leo jioni habari za Nyamagana au Mufulira, atajibu.